Meza Niliyoisukuma kwa Nyonga

Mpaka leo sijui macho yangu yalikuwa wapi. Mwanangu alikuwa amejenga nyumba yenye chumba cha kulia chakula na wageni, na wazazi wa mke wake walikuwa wanakuja Jumapili. Nikamwambia huyo mke wake, mkwe wangu, "Meza nachagua mimi. Nyie mnadanganywa na vanishi."

Tukaenda kwa fundi seremala, kule Ilembo. Kila meza ya mninga niliyoisukuma kwa nyonga ilicheza. Nikachanganyikiwa, fundi gani huyu? Nyuma nikaona moja ndefu, imetandikwa kitambaa, fundi anakula ugali kwa mchuzi juu yake. Nikaisukuma. Hata mchuzi haukutikisika.

"Nataka hii."

"Bibi, hiyo siuzi."

"Umemwekea tajiri gani?"

"Siyo hivyo, bibi…"

"Nimelea watoto saba, usinifiche!"

Mkwe wangu akanivuta kanga, nikamkemea. Mbona anajiuma midomo? Fundi akainua sahani, akaondoa kitambaa. Mbao zimejaa alama za msumeno, na miguu imechimbiwa ardhini.

"Nikikuuzia hii, bibi, nitarandia mbao zangu wapi?"

Mkwe wangu akaniinamia kwa adabu zote. "Mama, tuibebe na ardhi yake?"