Reki na Toroli la Umeme

Jina la Reki alibandikwa na wakata nyasi wenzake, na hawakumbandika kwa mapenzi. Alikuwa mrefu, mkavu, meno ya mbele yameachana, na akishaingia kwenye bustani halibaki jani chini. Mwanzoni alinuna. Baadaye akaona heri hilo kuliko kuitwa "yule mama wa bustani", akalizoea, mpaka wenye nyumba wenyewe wakawa wanampigia simu wakisema, "Reki, ukoka wangu umeota madoa, njoo uone."

Mtaa waliofanyia kazi ulikuwa mlimani, nyumba zimepandana kama ngazi, kila moja na bustani yake inayoteremka. Bustani za namna hiyo ni nzuri ukizitazama kibarazani na kikombe mkononi. Ukiwa na toroli la udongo mbichi mkononi, hiyo ni habari nyingine kabisa. Reki alianza kusukuma toroli pale kabla hajaolewa, akaolewa, akaachika, akaendelea kusukuma.

Alifanya kazi na mdogo wake wa kiume. Walikuwa wamegawana vizuri tu: Reki alichimba, akapanda, akapogoa; mdogo mtu alipokea simu na kusimama kivulini akionyesha kwa kidole. Huyo alijiita Meneja, na kwa kuwa hakuna aliyemwita hivyo, akalichapisha jina kwenye fulana, kifuani na mgongoni, ili hata akigeuka ulisome. Mwishowe watu walichoka, wakamwita.

Siku moja Reki akiwa anainua toroli lililozama matopeni, kiuno kikagoma. Alilala chali msimu mzima wa mvua, akitazama dari, akigeuzwa na mama yake kama mtoto mchanga. Meneja alikuja kumwona mara moja, akaketi ukingoni mwa kitanda, akampapasa mkono. "Wewe pumzika tu, dada," alimwambia. "Kazi niachie mimi." Reki akamshukuru. Baadaye ndicho kitu kilichomuuma kuliko kiuno chenyewe, kwamba alimshukuru.

Aliporudi mlimani mzima wa afya, mlinzi wa geti la kwanza alimkodolea macho. "Reki? Si tuliambiwa umestaafu?" Geti la pili, maneno yaleyale. La tatu, mlinzi alimpa pole kama aliyefiwa. Kumbe Meneja alipita geti kwa geti, uso ameukunja kwa huzuni, akieleza kwamba dada yake ndiyo basi tena, kiuno kimemshinda, amestaafu, na bustani zote sasa ziko chini yake yeye. Na Reki hata hamsini hajafika! Mtu anayestaafu huagwa, akapewa hata saa ya ukutani. Yeye hata jembe lake mwenyewe lilikuwa kwa Meneja.

Aliteremka mlima siku ile. Hakulia. Alitaka kumwona mdogo wake amelala chini, chali, na watu wanamtazama, na hakuona aibu kutaka hivyo.

Bustani iliyomchoma zaidi moyoni ilikuwa ya daktari wa meno. Hiyo aliianza ikiwa kichaka, na ukuta wa mawe wa bustani ya juu aliupanga jiwe kwa jiwe kwa mikono yake. Akamfuata daktari kliniki kwake, akasubiri kati ya watu walioshika mashavu mpaka akaitwa ndani.

"Mimi niliambiwa umeacha kazi," daktari alisema akivua glavu. "Mdogo wako aliniambia kwa mdomo wake."

"Mdomo huo ungeung'oa wote, daktari. Usibakize hata gego."

Daktari alicheka sana, kisha akamweleza ukweli. Alitaka matuta mapya kwenye bustani ya juu. Lori lingemwaga udongo getini, na kutoka pale ni kuupandisha kwa toroli, kwa kile kinjia kinachokata ubavu wa mlima, bila kuuharibu ukoka. "Meneja anasema atanunua toroli la umeme," alisema. "Na mimi sitaki uje uvunjikie kiuno kwangu, Reki. Ukiwa na chombo cha kukusaidia, njooni wote wawili Jumamosi. Atakayefikisha udongo juu bila kunichafulia, bustani ni yake moja kwa moja."

"Nitakuja," Reki alisema. Toroli hakuwa nalo, la umeme wala la kawaida.

Kesho yake alitoa akiba yake yote, akaenda duka la zana za bustani, mfukoni ana kamba yenye fundo. Kutoka ncha ya kamba mpaka fundo ndio upana wa kile kinjia cha daktari. Mlangoni yalipangwa matoroli ya umeme ya aina mbili. Moja lilikuwa jekundu, kubwa, beseni lake pana, magurudumu mawili mbele na taa juu yake kama pikipiki. Mengine yalikuwa ya kijivu, membamba, gurudumu moja nene lenye mota ndani yake, hayana cha kumvutia mtu.

"Mama, hili jekundu ndilo lenyewe," muuzaji alianza. "Linapanda mlima wowote ule."

"Linashukaje?"

"Nimesema linapanda..."

"Kupanda hata mbuzi anapanda. Linashukaje?"

Muuzaji alikiri kwamba hajawahi kuulizwa. Basi wakaenda nyuma ya duka, kwenye mteremko wa saruji wa kupakulia mizigo, wakayajaza yote mawili mifuko ya mbolea. Reki hakuyapandisha tu na kuyateremsha. Aliyapitisha kwa ubavu, mteremko uko kulia, vile kinjia cha daktari kilivyo. Lile jekundu, gurudumu moja likawa juu na jingine chini, beseni likalala upande, mifuko ikaanza kuhama. Alipojaribu kulinyoosha halikunyooka, maana magurudumu mawili hukaa vile ardhi inavyokaa. La kijivu alilishika mishikio yake sawasawa, likasimama wima juu ya gurudumu lake, ardhi ikainama kivyake. Alipoachia kibonyezo cha kuliendesha, lilishika breki lenyewe. Mishikio ilimfika nyongani, hakuna kuinama. Betri yake ilichomoka, ungeweza kuichaji chumbani na toroli likabaki bandani. Akatoa kamba: la kijivu lilipita ndani ya fundo na nafasi ikabaki. Jekundu lilienea mpaka kwenye fundo, bila kubaki hata upana wa kidole.

Kwenye mshikio kulikuwa na kibonyezo kingine, cha kuchagua kasi, upande mmoja picha ya kobe, upande wa pili sungura. Chini yake kibandiko kingine: mtu amekaa ndani ya beseni, amepigwa alama nyekundu ya mkasi, ya kukataza.

"Hii maana yake nini?"

"Si la kubebea watu, mama. Ingawa kwa uzito, mtu mzima linammudu."

"Ahaa," Reki alisema, akakitazama kibandiko kile muda kidogo. Kisha akalipia la kijivu palepale na kuomba lihifadhiwe stoo. "Kesho asubuhi nitakuja tena kulitazama lile jekundu."

"Ulinunue?"

"Nilitazame tu."

Hapo lazima nieleze walivyolelewa. Mama yao alikuwa akigawa kitu, hugawa mafungu mawili kisha humwambia Reki, kwa kuwa ni mkubwa, atangulie kuchagua. Lakini Meneja hakuwahi kungoja. Alikuwa haangalii mafungu, anaangalia macho ya dada yake. Fungu ambalo macho ya Reki yamekawia, hilo ndilo analikwapua na kukimbia nalo. Reki alilia mwaka mzima, halafu akapata akili: akawa anakodolea lile asilolitaka. Meneja alikwapua vipande vidogo utoto wake wote, na hakugutuka hata siku moja. Alikua, akaota ndevu, akachapisha fulana, na bado hajui kuchagua kitu mpaka amwone dada yake anakitaka. Hata kazi ya bustani aliipata hivyohivyo.

Jioni ile, jikoni, Reki alimwambia mama yake kwamba asubuhi anakwenda dukani kuangalia toroli. Alijua mama yake hana siri kwa mwanawe wa kiume, hasa akiambiwa ni siri.

"Umsamehe mdogo wako," mama alisema akikosha sufuria. "Mmetoka tumbo moja."

"Ndiyo maana namjua, mama."

Asubuhi Reki alisimama mbele ya lile jekundu, mikono nyuma. Aligusa taa. Alivuta pumzi ndefu, akaiachia polepole. Haukupita muda fulana ikaingia.

"Dada! Na wewe upo huku?"

"Natazama."

"Hili?"

"Natazama tu, mdogo wangu." Akalizunguka, akarudi pale mbele, akalitazama tena kwa macho ya mtu mwenye njaa. Uongo hakusema hata neno moja. Yale ya kijivu yalikuwa palepale, yanakaribia kumgusa Meneja goti, na hakuyaona.

"Nifungie hili hapa," Meneja alimwita muuzaji.

"Hutaki kulijaribu kwanza, kaka?"

"La nini? Dada yangu anavijua vitu."

Maneno hayo yalimpata Reki mahali ambapo hakuwa amejikinga. Alikaribia kufumbua mdomo. Kisha akakumbuka mlinzi wa geti la tatu na pole yake, akaufumba, akatoka nje.

Jumamosi udongo ulikuwa getini, rundo zima, na daktari alikuwa juu ukutani amekaa na mwavuli. Meneja alipoona toroli la kijivu la dada yake alicheka mpaka akashika tumbo. "Lako limekonda kama wewe," alisema. "Acha nitangulie, nisije nikachelewa kukungoja." Akajaza beseni mpaka likafanya kichuguu, akawasha taa, mchana kweupe, akabonyeza sungura.

Sehemu ya kwanza ya kinjia ni tambarare, akapita kwa mbwembwe. Pale kinjia kinapoanza kukata ubavu wa mlima, gurudumu la kulia lilishuka, la kushoto likapanda, na kile kichuguu kikaanza kuhamia upande mmoja. Mtu mwenye akili angeachia. Meneja hakuachia, kwa sababu dada yake alikuwa anamtazama. Alijikunja kulibeba toroli kwa kiuno, likamshinda, likapinduka nje ya kinjia, udongo wote ukamwagikia ukoka hadi kwenye mawaridi, na yeye akaanguka kando yake. Alijaribu kuinuka. Akalia kwa sauti ambayo Reki aliijua vizuri, maana aliwahi kuitoa yeye.

Daktari alishuka mbio na mwavuli wake, akamtazama, akakuna kichwa. "Hapo mimi sina msaada," alisema. "Mimi ni wa meno."

"Dada," Meneja aliita, chali, uso umemwiva. "Kiuno."

Reki alisikia raha. Tusimpambe, alisikia raha mwili mzima, ile raha aliyoingojea akitazama dari. Alijaza toroli lake kwa kipimo, si kichuguu, akabonyeza kobe, akapanda. Alipofika alipolala mdogo wake, kinjia kilimtosha kupita bila kumkanyaga, akapita. Akamwaga udongo bustani ya juu, chini ya ukuta wake mwenyewe, bila jani moja la ukoka kulala. Daktari alitikisa kichwa tu, akasema, "Haya, Reki. Ni yako."

Ndipo aliporudi. Alitandika magunia matatu ndani ya beseni, akayakung'uta yawe laini, na kwa msaada wa daktari akamwingiza Meneja humo, magoti juu, fulana kifuani inasomeka vizuri. Akamteremsha kinjia kizima, breki inashika, hakumtikisa hata kidogo. Kile kibandiko cha mtu aliyepigwa mkasi kilikuwa mbele ya macho ya Reki njia nzima.

Zahanati ilikuwa kushoto kwa geti. Reki alikata kulia, kwenye barabara ya mageti.

Mlinzi wa geti la kwanza alitoka na redio mkononi. "Reki! Si tuliambiwa umestaafu?"

"Si mimi," Reki alijibu, akisimamisha toroli ili waone vizuri. "Ni huyu."

"Ooh, pole sana, Meneja," mlinzi alisema, na alimaanisha kabisa.

Geti la pili, pole. Geti la tatu walitoka na wapishi, na mpishi mmoja akauliza hilo toroli linauzwa wapi. Meneja alijifunika uso kwa mikono, lakini kifuani hakuwa na cha kujifunikia. Mbele yake barabara ilikuwa bado ndefu, na mageti yamefuatana.

"Dada, nakuomba," alisema kwa sauti ndogo. "Weka sungura."

Reki aliinama akamwekea gunia moja vizuri chini ya kiuno, pale panapouma, kisha akashika mishikio, akabonyeza kobe.

"Wewe pumzika tu," alimwambia. "Kazi niachie mimi."