Nyumba ya Ipuli na Onyo la Mtani

Nisikufiche, asubuhi ile ningemkuta Chiwanga peke yake njiani ningemvua viatu nikampiga navyo. Tulikuwa kwenye benchi nje ya mahakama, mimi na mume wangu Ngollo, tukisubiri kuitwa. Ofisi ya mikopo ilitushtaki, inataka tutoke kwenye nyumba yetu ya Ipuli iuzwe, maana tuliiweka rehani na marejesho yakasimama. Ngollo alikuwa dereva wa malori ya tumbaku. Kampuni ilipofunga shughuli zake hapa Tabora, madereva wote wakaambiwa warudishe funguo. Tangu hapo ni vibarua vya kuokoteza, na mimi na chapati zangu pale Gongoni. Chapati hazilipi rehani, jamani.

Huyo Chiwanga ndiye afisa mikopo aliyekuwa akitufuatilia. Ni Mgogo, na Ngollo ni Mnyamwezi, basi unajua mambo yao, watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Akija kudai rejesho anaanzia getini: "Enyi wapagazi! Babu zenu hawakupita Ugogo bila kulipa, na ninyi mtalipa!" Ngollo anamjibu, "Kaa ule, ombaomba wewe, hicho ndicho kilichokuleta." Kisha Chiwanga anazunguka sebuleni anasema nyumba ni yake, hapa atalaza ng'ombe, pale mbuzi. Tunacheka mpaka mbavu zinauma.

Siku moja, kazi ya Ngollo ikiwa imeshakwisha, Chiwanga alikuja akakataa chai. Akasimama mlangoni. "Mtani, nyumba hii wanaiuza. Nenda kamwone meneja kabla mwezi haujaisha, uombe wakupangie upya."

Ngollo akaangua kicheko. "Lete ng'ombe wako basi!" Na mimi, mama mzima, nikacheka. Chiwanga akatutazama, akacheka kidogo na yeye, akaondoka. Kilichofuata ni samansi.

Ndiyo maana nilimchukia. Jambo zito namna ile unalisemaje kwa mdomo uleule wa utani? Angekaza uso! Angenipigia kelele hata mimi! Ngollo wangu alikuwa haongei tena. Anakaa uani anautazama ukuta alioujenga mwenyewe, ukimsemesha anaitika "enhe" tu. Niliogopa nitampoteza kabla hata ya nyumba.

Mahakamani meneja aliapa kwamba tulipewa notisi ya maandishi ya siku sitini, kama sheria inavyotaka, na kwamba aliyetuletea ni Chiwanga. Sisi tukasema hatukuona karatasi yoyote. Lakini nani anamwamini mdaiwa? Kesi yote ikabaki mdomoni mwa Chiwanga. Akisema alituletea, tunahama.

Akapanda kizimbani, shati limemganda mgongoni. Meneja amekaa mbele, anamkazia macho.

"Uliwapelekea notisi?" wakili wa ofisi akamuuliza.

Ngollo alinibana mkono mpaka pete ikaniuma.

"Sikuwapelekea," Chiwanga akasema. "Haikuandikwa. Niliagizwa niwaambie kwa mdomo, nikawaambia."

Hakimu akainua kichwa. "Wakasemaje?"

"Walicheka, mheshimiwa. Ni watani zangu."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Meneja aliinuka akatoka nje, simu sikioni.

Wiki iliyofuata tukasomewa uamuzi: nyumba isiuzwe kwanza, notisi itolewe upya kwa maandishi, ndipo siku sitini zianze kuhesabiwa. Deni liko palepale. Sikujali. Nililia mbele za watu bila aibu.

Tulipotoka tukamkuta Chiwanga getini. Naye alikuwa amekuja kusikiliza. Nikamwambia, "Shemeji, nilikuwa nimekutukana sana moyoni. Nisamehe. Umetupa pumzi."

Ngollo uso ulikuwa umemchangamka, mara ya kwanza tangu tupate samansi. "Mtani, Jumapili uje tuchinje kuku. Na usije mikono mitupu kama kawaida yenu!"

"Jumapili sijui nitakuwa wapi," Chiwanga akasema, macho chini. "Wamenifukuza kazi. Na nyumba ninayokaa ni ya ofisi, wanataka Ijumaa niwe nimetoka. Mama watoto anafunga vitu."

Yule mtu alijua yatakayompata, na bado akapanda pale akasema ukweli.

"Mwambie mama watoto alete vitu Ipuli," nikasema. "Chumba cha nyuma ni kitupu."

Akanitazama kama nimechanganyikiwa. "Shemeji, nyumba yenyewe si itauzwa?"

"Itauzwa tusipolipa," nikamjibu. "Lakini si Ijumaa hii."