Kibao cha Mtaa Wetu

Kwetu milimani, ndiva, yaani bwawa la kuhifadhia maji ya kumwagilia mashamba, huitwa kwa jina la aliyeianzisha. Mtu akifa, anaendelea kutajwa kila zamu ya maji. Ndiyo maana nilidhani mjini nako ni hivyo hivyo.

Tulishuka Same miaka ya Ujamaa. Kati ya nyumba zetu na bomba la maji palikuwa na korongo, na sisi wanawake tulizunguka mbali na ndoo kichwani. Mume wangu alikuwa ameshuka na baragumu la baba yake. Kila Jumamosi asubuhi alilipuliza kuwaita watu kwenye msaragambo, kazi ya pamoja tuliyoizoea nyumbani. Jirani yetu mwenye duka alimcheka: "Mpare, huku hakuna mfereji wa kuzibua. Tuache tulale." Baadaye naye akaja na sururu.

Mume wangu hakuwa mtakatifu. Akishakunywa dengelua alikuwa na mdomo mchafu, na mimi niliusikia kuliko wengine. Lakini korongo lilijazwa mawe, njia ikapita. Kazi ikikaribia kuisha, ukingo ulimwangukia. Tulimzika milimani. Watu wakaanza kuiita njia kwa jina lake, bila kuambiwa na mtu.

Mwaka uliofuata alikuja mkubwa mmoja kuifungua. Alikunywa soda, akakata utepe, akauliza njia inaelekea wapi. Kibao cha mtaa kilipowekwa, kiliandikwa jina la huyo mkubwa.

Nilikwenda kwa katibu wa tawi la chama.

"Pole, mama. Lakini marehemu hakuwa hata na kadi."

"Kadi ndiyo iliyobeba mawe?"

"Mama, usinitafutie kesi. Kibao kimeshapigwa rangi."

Nilirudi nyumbani. Mwenye duka aliendelea kulitaja jina la mume wangu mpaka naye alipokufa. Waliohamia baadaye walisoma kibao.

Juzi mjukuu wangu alitoka shule akanieleza kwamba mtu wa kwenye kibao alilifukia korongo kwa mikono yake. Nikamwambia aliyelifukia ni babu yake. Aliniangalia kwa huruma, kama wanavyomwangalia mzee anayechanganya mambo.

Zahanati huniuliza ninakaa mtaa gani. Nikitaja jina la mume wangu, hawapajui. Basi nataja la yule bwana, kwa sababu nataka dawa.