Nafasi Chini ya Samaki

Juzi, hapa Beni, fundi mmoja alikuwa akibandika kioo cha dirisha kwa silikoni, na ile harufu ya siki ikanirudisha katika ua wetu wa Butembo, alasiri moja nilipodhani Papa anatengeneza saladi.

Papa alikuwa fundi wa vioo. Siku ile alikuwa akiunganisha sanduku la kioo la kukaa chini ya aquarium, tangi la kufugia samaki, ya mfanyabiashara mmoja. Maji machafu ya samaki yangeshuka humo, yapite kwenye changarawe, kisha pompi iyarudishe juu yakiwa safi. Alilainisha silikoni kwa kidole kilicholowa, huku akipiga mluzi wimbo wa kanisani.

Gundi ilipokauka, alilijaribu kwa maji. Alijaza nusu tu, akaacha.

Mama, aliyekuwa akichambua maharagwe, akacheka. "Papa Kavira, unaweka kioo mingi hivi ya bure?"

"Hapana ya bure. Courant ya umeme ikikatika, pompi itasimama, maji ya juu itashuka yote mara moja. Ikikosa nafasi, itamwangika mu salon ya batu." Alimaanisha sebule ya yule mfanyabiashara.

Mimi, Kavira wake, nilidhani amekosea vipimo na sasa anajitetea. Nilimwonea huruma hata nikashindwa kumtazama.

Leo najua alipima sawasawa. Alipotutoka ghafla, yote yalinishukia mara moja, nami sikuwa nimeacha nafasi.

Yule fundi wa juzi aliniuliza kama nina dirisha la kutengeneza. Nikamwambia hapana, lakini sikuondoka.