Wifi na Sungura Wake Watatu

Mtaani walimwita wifi yangu Fundi Chumvi, na mimi, mke wa mdogo wake, nilicheka kuliko wote. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa upande wake tangu mwanzo. Sikuwa. Mwanamke anaingia kazini kila asubuhi na umande mpaka magotini, anaanza habari za sungura kabla hata hajakusalimu, wewe ungemchukuliaje?

Tulifanya kazi chumba kimoja, cha mbele, chenye dirisha la barabarani. Yeye cherehani, mimi pasi ya mkaa na vifungo. Meza yangu ilifunikwa blanketi lenye alama tatu za kuungua, zote zangu, na kila nilipomcheka alizinyooshea kidole. Lakini jicho lake, jamani! Mteja akisimama mlangoni, hajavua hata kofia, wifi ameshatamka, "Kiuno themanini na nne." Akivua futi yake ya kupimia, ile iliyoning'inia shingoni saa zote, inatoka themanini na nne kweli, na ikizidi imezidi kwa upana wa kidole.

Sungura waliletwa na mgongo. Daktari alimwambia kukaa kitini miaka ishirini na minane kumempinda, kwa hiyo atembee kila alfajiri. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na shamba la jirani lililopumzishwa miaka mitatu, nyasi zimefika magotini, na huko ndiko alikokwenda kutembea. Alitembea siku tatu. Siku ya nne alikaa juu ya jiwe akitazama, ya tano vilevile, na mgongo ukapona hivyohivyo.

"Wifi wee!" aliingia siku moja anahema. "Wamesimama kwa miguu ya nyuma, wawili, wanazabana makofi! Pa! Pa! Manyoya yanaruka!"

"Nani hao?"

"Sungura! Na anayepiga ni jike. Dume linamtaka, yeye hataki. Kalichapa mpaka likakimbia!"

Mume wangu alikuwa mlangoni anakunywa chai. Yeye ni dereva wa trekta, analima mashamba ya watu, na aliamini ameshaona kila kinachoishi juu ya ardhi. Chai ilimpalia. "Dada," alisema alipopata pumzi, "punguza chumvi." Mteja mmoja alikuwepo akisubiri suruali, na kufikia mchana jina lilikuwa limeshafika sokoni.

Wifi hakujali, au alijifanya hajali. Alichukua daftari la vipimo vya wateja akaligeuza, akaanza kuandika habari za sungura kutoka nyuma. Jike lile lenye sikio la kulia lililochanika alilipa jina la Pindo. Pindo alilala saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi. Kabla ya kulala alirudi nyuma juu ya nyayo zake mwenyewe, hatua kama ishirini, kisha akaruka pembeni mruko mmoja mkubwa. Wifi alikwenda kuupima mruko huo kwa futi: mita mbili na nusu.

"Unaiona akili hiyo?" aliniambia, macho yamemtoka. "Mbwa akifuata harufu, anafika pale njia inapokatika. Anabaki kuzunguka kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani!"

Nilivunjika mbavu, lakini kwa kumcheka yeye, si mbwa. Mambo yakawa mabaya zaidi kurasa za wateja na kurasa za sungura zilipokutana katikati ya daftari. Alikuwa amepima kile kishimo kidogo ambacho Pindo hulalia kwenye nyasi, akaandika: urefu arobaini na sita. Karani wa posta naye alikuwa ameagiza koti. Sasa fundi mwenye jicho la namna ile alikataje mikono ya koti sentimita arobaini na sita? Alikata, tena akiimba. Karani alipolivaa, mikono iliishia katikati ya kiwiko na kiganja.

"Fundi," karani aliuliza kwa upole, "hili ni la mwanangu?"

Wifi akafungua daftari, akatazama, akashika mdomo. "Samahani, kaka. Nimekukatia kwa kipimo cha sungura." Hebu fikiria maneno hayo yalivyopokelewa sokoni.

Miezi miwili baadaye aliingia kazini kimya. Hilo peke yake lilinitisha. Alifunga mlango, akanivuta mpaka kwenye kamba ya nguo zilizopigwa pasi, akaninong'oneza katikati ya mashati. Pindo amezaa. Watoto watatu, macho wazi, manyoya tayari, juu ya ardhi tupu, hakuna shimo, hakuna tundu. Na mama yao kawaacha peke yao, kaenda zake.

"Maskini!" nikasema. "Nipe kapu la vitambaa tukawachukue."

Alitanua mikono mlangoni. "Ukiwagusa, wifi, tutakosana! Hajawatupa. Anakaa mbali makusudi ili adui asimfuate akawakuta. Anarudi mara moja tu kwa siku, jua likishazama. Anawanyonyesha, anaondoka. Nimemwona jioni nne mfululizo, nilikuwa nasubiri kuhakikisha ndipo niseme."

Basi siku iliyofuata, Alhamisi, tukiwa tunakula chakula cha mchana, mume wangu akatangaza kwamba Jumamosi asubuhi analima shamba la nyuma. Mwenye shamba anataka liwe tayari kabla ya mvua. Kijiko cha wifi kilisimama njiani.

"Mle kuna watoto watatu," alisema.

"Nionyeshe."

Tulikwenda wote watatu, jua la utosi. Wifi alikuwa amechomeka kijiti chenye kitambaa cha buluu, baki la sare za shule, pale walipozaliwa. Mume wangu akachuchumaa. Palikuwa na nyasi zilizolala, sehemu isiyozidi sahani, basi. Akazunguka akipekua nyasi kwa mguu, wifi akimfuata nyuma na kumlilia, "Taratibu! Taratibu!" Hatukuona hata unyoya.

"Dada."

"Mchana hawapo hapa! Wakifika siku ya tatu wanatawanyika, kila mmoja na maficho yake. Hapa wanakutana jioni tu, kunyonya."

"Kwa hiyo mchana hawapo, jioni wapo."

"Ndiyo."

"Hii sasa ni chumvi ya mawe," alisema mume wangu, akaanza kuondoka.

Kwa mara ya kwanza sikucheka, na niliona aibu kwa vile vicheko vyote vya nyuma. Mtu ana miaka hamsini na miwili, anasema alichokiona kwa macho yake, na watu wake wa nyumbani ndio wanaoongoza kumzomea. Nami nilijua plau ya mume wangu, lile jembe la trekta lenye sahani za chuma. Kitoto cha sungura hakikimbii. Hatari ikija kinajibana chini na kutulia, na sahani za plau hazimwulizi mtu aliyetulia.

"Mdogo wangu!" wifi alipaza sauti. Mume wangu akageuka. "Njoo kesho jioni, ukae nami nyuma ya lile jiwe. Wasipotokea, lima shamba zima, nami sitatamka tena neno sungura mpaka nakufa. Wakitokea, utaniachia pale watakapolala."

Mume wangu alikuna kidevu. "Mpaka unakufa?"

"Mpaka nakufa."

Mimi nilijua anachokiweka rehani. Mgongo wake, asubuhi zake, daftari lake, vyote.

Ijumaa jioni tulijilaza nyuma ya jiwe, wifi katikati. Mume wangu alikuja moja kwa moja kutoka kazini na ovaroli yake, ananuka dizeli. Mwezi ulikuwa umeshatoka upande wa pili hata kabla jua halijamaliza kuzama, kwa hiyo mwanga haukutupungukia. "Jua likishazama hesabuni nusu saa," wifi alinong'ona.

Nusu saa ikapita. Nyasi zimetulia tuli. Dakika tano zaidi. Mbu wakaanza kazi yao. Dakika kumi. Wifi alikuwa ameshika futi yake kwa mikono miwili, anaizungusha vidoleni, na nikaanza kumwomba Mungu kwa ajili ya sungura, jambo ambalo sikuwahi kufikiria nitalifanya maishani.

"Basi, dada," mume wangu alisema kwa sauti ya kawaida, wala si kwa ubaya. Akajiinua. Wifi akamdaka ovaroli kwa nguvu zake zote, na mshono ukaachia, chraaa, kutoka mfukoni mpaka gotini.

"Nitaushona!" alinong'ona kwa ukali. "Lala chini! Tazama!"

Karibu na kijiti cha buluu nyasi zilitikisika. Kikatoka kitu kidogo, ukubwa wake haujai viganja viwili, masikio yamelala mgongoni. Kikakaa. Nikabana mdomo nisipige kelele. Kutoka upande wa mawe kikaja cha pili, kinachupa, kinasimama, kinachupa. Cha tatu sikukiona kikija. Nilitazama tu nikakuta wako watatu, wamesogeleana, pua zinawacheza, wote wameelekea upande mmoja kama wateja wanaosubiri mlango ufunguliwe.

Kisha akaja yeye. Hakutembea, aliruka kutoka gizani akatua katikati yao, mrefu, masikio juu, na la kulia limechanika. Pindo! Nilikuwa nimezisikia habari zake kila asubuhi kwa miezi na sasa huyo hapo, mzima, hatua kumi na tano mbele yangu! Watoto wakamwingia chini ya tumbo wakisukumana. Alikaa wima muda wote, hajalala, hajainamisha kichwa, masikio yakigeuka huku na huku. Dakika tatu, labda nne. Akawalamba mmoja mmoja, haraka haraka, kisha akaondoka kwa mruko uleule mkubwa, na pale alipokuwa hapakubaki kitu.

Vile vitoto havikukaa tena. Kila kimoja kikashika njia yake, lakini vyote vitatu viliingia kwenye ukanda ule wa nyasi ndefu kando ya mawe. Wifi alikuwa ananigonga mkono: hapa, hapa, na hapa.

"Anarudi nyuma," ilinong'ona sauti nyingine.

"Nani?" niliuliza.

"Pindo! Kule! Anarudi juu ya nyayo zake mwenyewe! Moja, mbili, tatu... Karuka! Dada, karuka pembeni! Umeona? Umeona?"

Mume wangu alikuwa amepiga magoti, ovaroli wazi mpaka gotini, amemkaba dada yake mkono kama mtoto aliyeonyeshwa treni.

"Nimeona," wifi alisema. "Mita mbili na nusu."

Mume wangu hajui kuomba radhi. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kuisikia samahani yake ikitoka nzima. Tulipofika nyumbani alikwenda kwenye kapu la vitambaa, akachagua chekundu, akakikata vipande vinne. Wifi alimtazama bila kuelewa. Mimi nilielewa, kwa sababu mimi ndiye ninayemfulia vitambaa hivyo. Madereva wa trekta wakijua kuna kisiki ardhini huchomeka fimbo yenye kitambaa chekundu, na dereva akiiona huinua plau na kuzunguka, hata kama kisiki chenyewe hakionekani. Anaamini kitambaa. Nilipomweleza hivyo, wifi alikaa kwenye kiti cha cherehani akalia kwa furaha, na mimi nikalia naye, pasi niliyoiwasha kwa nguo za kesho ikaunguza blanketi mara ya nne.

Jumamosi ukanda wote wa kando ya mawe ulizungushiwa vitambaa vyekundu. Wifi alitangulia mbele ya trekta kwa miguu, futi shingoni, akikagua nyasi na kupunga mkono, njoo, njoo, simama, njoo. Mume wangu alimfuata mwendo wa konokono, yeye ambaye hupigia honi hata kuku.

Saa tatu mwenye shamba akafika. Alitazama udongo mweusi uliopinduliwa, kisha ukanda wa nyasi uliobaki. "Hapa hapajawahi kuwa na kisiki," alisema.

Mume wangu aliruka chini. "Sungura, mzee! Jana usingeamini macho yako! Watoto kumi na mmoja! Wametoka kila upande! Na mama yao, nakwambia, mkubwa kama mbuzi, anaruka kutoka hapa mpaka kule kwenye uzio!" Mikono ilikuwa hewani na ovaroli inapepea.

Mwenye shamba alimtazama, kisha akamtazama wifi, akasubiri.

"Watatu," wifi alisema. "Na mama yao ana uzito wa pasi ya wifi yangu. Nahitaji siku kumi na nane, mzee, halafu wataondoka wenyewe."

Nilijikaza, nikijua kinachofuata. Kicheko, na lile jina.

"Kama fundi amesema watatu, basi ni watatu," alisema mwenye shamba. "Siku kumi na nane." Akaaga, akaenda zake kando ya uzio.

Wifi aliinama kuokota pini ambayo haikuwa imeanguka, na alikaa huko chini muda mrefu.