Niliunganisha mashine ya damu kwenye mtandao kule Mwaya, majibu yakaenda kwa mtu asiye mwenyewe

Wakuu, heshima kwenu, wakongwe na mliojiunga jana.

Jambo hili nimekaa nalo miezi kadhaa. Leo naliandika lote kama lilivyokuwa, kwa sababu kosa lilikuwa langu na sina wa kumsingizia. Majina nimebadilisha, mengine ni kweli tupu.

Mimi ni fundi wa mitandao, naishi Bondeni hapa Kyela mjini. Navuta waya, nafunga kamera, nafufua kompyuta zilizolowa. Mvua zetu mnazijua.

Kituo kimoja cha afya upande wa Mwaya kiliniita. Wana mashine ya kupima wingi wa damu, ya zamani lakini nzima. Printa yake ilikufa, na daktari alitaka majibu yatokee moja kwa moja kwenye kompyuta.

Shida ni kwamba mashine haina tundu la mtandao. Ina serial port tu, ile ya pini tisa.

Kwa ambao hamjawahi kukutana nayo, twende taratibu. Serial inatuma herufi moja baada ya nyingine kwenye waya, kwa mwendo maalumu, bila kujua nani anasikiliza. Ethernet, ule mtandao wa waya wa kompyuta, inatuma vifurushi vyenye anwani. Katikati unaweka kiboksi kinaitwa serial server: huku kinasikiliza mashine, kule kinaongea na mtandao. Ni mkalimani, basi.

Nusu siku nzima nilipata takataka kwenye skrini. Kumbe mwendo wa mashine, yaani baud rate, ni 9600 na kiboksi nilikiweka 115200. Ukiona alama za ajabu, anzia hapo. Usipopata kitu kabisa, angalia waya: unaotuma wa huku uingie kwenye unaopokea wa kule. Usikate tamaa, kila mtu hukwama hapo mara ya kwanza.

Siku ile nilifanya maamuzi mawili ambayo niliyaona ya busara.

La kwanza, nilikiruhusu kiboksi kitunze majibu mtandao ukikatika, kisha kiyatoe ukirudi.

La pili ni la Tumpe, dada wa maabara. Aliniuliza, "Kaka, niwe naingiza namba ya sampuli kwenye mashine?" Vitufe vyenyewe vilikuwa vigumu, unabonyeza mpaka kidole kinauma. Nikamjibu, "Usijisumbue dada. Fungua jina la mgonjwa kwenye kompyuta, majibu yatadondokea hapo hapo."

"Ndaga fijo," akanishukuru. "Umenipunguzia kazi."

Wiki ya pili, asubuhi, akanipigia.

"Kaka, njoo. Njoo sasa hivi."

"Imezima?"

"Afadhali ingezima. Kuna mzee, kompyuta inasema damu yake ni tano."

"Si ndiyo majibu yenyewe?"

"Mzee huyo amekuja na baiskeli kutoka Bujonde, na mkungu wa ndizi nyuma."

Wakuu, mtu mzima mwenye damu tano, wakati ya kawaida huanzia kama kumi na mbili, hapandi ngazi tatu bila kupumzika. Kama ile tano si ya mzee, basi ni ya mtu mwingine, na huyo mtu amepewa majibu gani?

Nilichukua boda. Njia nzima nilikuwa napekua kiboksi kile kichwani, mpangilio mmoja mmoja. Dereva aliniongelesha mara mbili, sikumbuki nilimjibu nini.

Maabara nilimkuta daktari amesimama, Tumpe ameinamia meza, na Sista Atu, muuguzi wa pale, ameshika chupa ya damu. Walikuwa wamempima mzee upya: kumi na tatu na nusu. Mzima kuliko mimi.

Bahati ni kwamba mashine ina kumbukumbu yake yenyewe, kwa mpangilio wa kupima. Nikaifungua. Wa sita asubuhi ile: tano. Wa saba: kumi na tatu na nusu.

"Wa sita alikuwa nani?" nikamuuliza Tumpe.

"Mama Lusajo. Yule mjamzito mfinyanzi wa vyungu, wa kule ziwani."

"Na wa saba?"

Akachukua kitambaa, akaanza kufuta meza.

Nikarudia swali. Akatazama sakafu.

"Tumpe, unaulizwa!" daktari akapaza sauti.

Sista Atu akaingilia. "Daktari, hawezi kumtaja. Ni baba mkwe wake."

Wakuu, mimi ni Mnyakyusa. Mke wangu, akimwona baba yangu anakuja njiani, anakata kona mpaka shambani. Familia zinazoshika mila hii bado zipo: mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe wala hatamki jina lake. Ni heshima, hakuna ugomvi. Nilizaliwa nayo, na wakati nafunga kile kiboksi haikunipitia kichwani hata kidogo.

"Hapa ni kazini," daktari akasema. Yeye si wa huku.

"Ni kazini, ndiyo," Sista Atu akamjibu, "ila jioni anarudi kwa mume wake, harudi kwako."

Kilichotokea ni hiki. Tumpe alifungua jina la Mama Lusajo, akaweka damu yake kwenye mashine. Umeme ukakatika kidogo. Mashine na kiboksi, vilivyoko kwenye UPS, ile betri ya akiba, vikaendelea, lakini swichi ya mtandao iliyoko koridoni, inayounganisha kiboksi na kompyuta, ikazima. Majibu yakabaki ndani ya kiboksi.

Dakika hiyo hiyo mzee akatokea mlangoni. Tumpe akatoka kwa mlango wa nyuma. Sista Atu akampokea mzee, akamtoa damu, akaiweka kwenye mashine, akafungua jina lake. Mtandao ukarudi, kiboksi kikamwaga kilichokuwa nacho: tano ya Mama Lusajo, kwa jina la mzee.

Mzee akatoka nje. Tumpe akarudi, akaona Mama Lusajo hana majibu, akafungua tena jina lake asubiri. Yakaja ya mzee.

Kwa hiyo mama mwenye mimba ya miezi minane na damu tano aliambiwa damu yake ni kumi na tatu, aende nyumbani kwa amani.

Simu yake haikupatikana. Tukapiga tena. Haipatikani.

Hapo ikasikika sauti dirishani. Mzee alikuwa nje, ametugeuzia mgongo, anaangalia barabara. Alikuwa amesikia yote.

"Sista, mwambie mwenzako asihangaike hivyo. Yule mama tulikaa naye benchi. Alisema anapitia sokoni kuchukua vyungu vyake, ndipo akapande mtumbwi."

Sista Atu hakungoja ruhusa. Alirukia boda iliyonileta.

Kusubiri kule sitakusahau. Tumpe aliosha chupa moja mara tatu.

"Kaka, akifa ni mimi."

"Si wewe. Mimi ndiye niliyekuambia usiandike namba."

Dirishani mzee akasema, kama anayeongea na barabara, "Bado."

Tukakaa.

"Bado."

Tumpe aliacha kuosha, akawa anasikiliza mgongo ule.

"Wanakuja. Watatu kwenye pikipiki."

Walimkuta amekaa chini pembeni ya vyungu vyake, anahema, watu wakidhani anapumzika. Alipoingia aliniambia maneno ambayo bado ninayo: "Mlisema nina damu nyingi. Nikajua basi ni uvivu wangu."

Akapimwa upya, ikatoka tano ile ile. Gari la wagonjwa likampeleka hospitali ya wilaya, akaongezewa damu siku hiyo hiyo. Baadaye alijifungua salama, mtoto wa kike.

Marekebisho niliyofanya: kiboksi hakitunzi tena majibu, yakichelewa yanasomwa kwenye kumbukumbu ya mashine. Swichi nayo iko kwenye UPS. Na kila chupa ina namba, inaingizwa kwenye mashine kwa vitufe vile vigumu, na kompyuta inakataa majibu yasiyo na namba.

Mwezi uliopita nilipita kukagua. Mzee alikuwa benchi la nje, Tumpe ndani.

"Kaka," akaniambia, anaonyesha skrini, "namba kumi na nane, majibu yake yamekuja. Mazuri kabisa."

Sista Atu akaita dirishani, "Namba kumi na nane!" Mzee akanyanyuka, akachukua baiskeli yake.

Nilichojifunza: nilijua kila kitu kuhusu mashine na waya, ila sikukaa benchi hata asubuhi moja kuangalia nani anaingia, nani anatoka, na kwa nini. Sasa nakaa kwanza. Baud rate baadaye.

Mliowahi kufunga vifaa vya serial maabara, viwandani au kwenye mizani, mnazuiaje majibu yasihamie kwa mtu mwingine? Na kwenu kuna mila gani ambayo fundi mgeni hawezi kuijua mpaka mambo yamharibikie? Niambieni. Mwenye swali, hata dogo, aulize bila aibu, nitajibu mmoja mmoja.