Mwenye Wivu Anasimama Nyuma

Siku ya kwanza nilifika mutaa wa Keshero, kwa nyumba ya Ndugu wa Kizingiti, na ndoto nyingi kuliko nguo. Nilikuwa nimesoma mpaka mwaka wa tano wa primeri, kule Masisi, lakini ndani ya kichwa nilikuwa tayari komanda. Watu walisema wale ni watawa wanaojua kupigana. Mimi nilisikia kupigana tu. Mukubwa wa nyumba, muzee mufupi wa sauti ya pole, alinipokea kwa mulango, na mbele hata ya kunipa maji akaniuliza:

"Bahati, kati ya ndugu unaoona hapa, nani unamuonea wivu?"

Nikacheka. "Hapana, Papa Mukubwa. Nawapenda wote."

"Hiyo utamwambia mama yako. Nani?"

Katika kiwanja ndugu mumoja, Paluku wa Butembo, alikuwa anapasua kuni huku anaimba. Murefu, mabega kama mulango wa duka, na mama wawili waliobeba majani ya sombe walikuwa wamesimama barabarani kumusikiliza tu. Nikamunyooshea kidole.

"Ule wa kuni," nikasema.

"Vizuri. Utakuwa mugongo wake."

Ninyi munaoingia leo mumekuta desturi hii imekwisha kuzoeleka, lakini sisi ilitushangaza. Ndugu wa Kizingiti hatukujifungia ndani kuomba wakati watu wanakufa nje, wala hatukutoka kutafuta vita. Tulisimama kwa mulango ambapo mutu anayewindwa amekimbilia, wawili wawili. Wa kwanza anaitwa mbele: mikono mitupu, yeye ndiye anasema. Wa pili ni mugongo: ana fimbo ya mukaratusi, na haruhusiwe kuiinua mpaka mutu amuguse yule wa mbele. Na mugongo lazima awe mutu anayemuonea wivu yule wa mbele.

"Rafiki anakuangalia uso, anaridhika," Mukubwa alitufundisha. "Mwenye wivu haridhike. Anapima viatu vyako, pumzi yako, hata namna unameza mate. Huyo hawezi kukupoteza machoni."

"Na akitaka mwenzake aanguke?" nikauliza.

"Ndiyo maana tunauliza mbele ya wote. Wivu wenye kusemwa hauna tena pa kujificha."

Walitupeleka kwanza kusimama Katindo, karibu na kambi ya jeshi. Askari walitucheka: "Ninyi watawa, bafrère, mutatupiga na rozari?" Paluku aliwajibu kwa muzaha, wakacheka naye, wakamupa sigara ambayo hakuvuta. Mimi hakuna aliyenipa hata kiberiti. Nilimusoma Paluku kama vile wengine wanasoma misale, kitabu cha misa. Nilijua kwamba akiogopa uso wake haubadilike, ila goti la kushoto linaanza kucheza.

Ndipo waasi wakaingia muji. Tulikuwa tumerudi Keshero, na vijana wa mutaa walikuwa wamejificha katika chapeli yetu ili wasichukuliwe kwa nguvu jeshini. Komanda wao mumoja akakuja na watu wake. Paluku akatoka mbele, akasema kwa utulivu kwamba kizingiti kile hakivukwe na bunduki. Goti likaanza. Nikasukuma fimbo polepole nyuma ya muguu wake, akaiegemea, akaendelea kusema kama mutu aliyesimama juu ya mwamba. Komanda alimutazama sana, akatema mate, akaondoka.

Kesho yake mutaa wote: "Paluku! Simba!" Mama mumoja akamuletea kuku. Mimi nilipewa shingo.

Nikaenda kwa Mukubwa. "Papa, na mimi nataka kuwa mbele."

Akatukusanya katika refektuari, chumba cha kulia. "Nani anamuonea Bahati wivu?"

Wakaangaliana. Mutu akakohoa. Ndugu wa jikoni akasema, "Papa, Bahati tunamupenda tu." Wakacheka wote, kwa upendo kabisa, na upendo ule uliniuma kuliko kofi. Bila mugongo hakuna mbele. Nililia nyuma ya stoki ya makala ya kupikia.

Halafu mulima wa moto ukapasuka. Moto ulishuka katikati ya muji, tukakimbia na watu kwa barabara ya Sake. Huko tulilala nao katika masomo moja, shule ya watoto: watoto juu ya meza, wagonjwa chini. Watu wenye silaha wakakuja kutaka kamiyo yetu, lori iliyobeba maji na wagonjwa wengine. Lakini moshi ulikuwa umekula sauti ya Paluku; hakubaki nayo hata ya kuomba chumvi.

Mukubwa akauliza tena, haraka: "Nani anamuonea Bahati wivu?"

Paluku akainua mukono. "Mimi," akasema kwa sauti ya kukwaruza.

"Usinidanganye, mutoto wangu. Si saa ya huruma."

"Anaweza kulia mbele ya watu na hakuna anayeshangaa. Mimi nikilia, nyumba yote inaogopa. Jana alimupa mutoto blanketi yake, akalala na gunia, na akalala vizuri! Akidanganya anashika sikio. Akila samaki za sambaza anaacha vichwa mpaka mwisho. Kila siku namuangalia, Papa. Inaniuma."

Mukubwa akaninyooshea kidole: "Toka."

Nikatoka mikono mitupu. Nikawaambia wale watu kamiyo ile haina mafuta, na mukono wangu ukapanda kwenda kwa sikio. Kitu kigumu kikaurudisha chini: fimbo ya Paluku. Nikaacha uongo. Nikawaambia ukweli, kwamba ndani kuna wagonjwa na kwamba ninaogopa sana, na machozi yakatoka. Mukubwa wao akanitazama kwa haya, akasema, "Nyamaza basi, muzee," nami nilikuwa bado kijana. Wakaenda.

Tangu siku ile tulipokezana, mara yeye mbele, mara mimi, mpaka miguu yangu ilipochoka na nikapumuzishwa. Yeye wamemutuma Vitshumbi, awe Mukubwa wa nyumba ya huko. Wamemupa mugongo mupya, ndugu mumoja wa Rutshuru, mwenye wivu mukali kabisa. Niliuona nilipowasindikiza kwa gari.

Wananiuliza kama sasa moyo umetulia. Kwa Paluku, ndiyo, umetulia. Lakini ule wa Rutshuru, anayekaa nyuma yake leo na kumuangalia asubuhi mpaka jioni, huyo namuonea wivu mpaka chakula hakishuke.